Cheni Inayovuta Kulia

Zahanati, Sale
7 Oktoba 2024

Mwanangu Hyasinta,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika. Vumbi la njia nzima nimelila mimi, maana kioo cha lori la Saning'o upande wangu hakipandi. Mwambie mama yako mgongo haujaniuma.

Kazi niliyoitiwa ni mti mmoja tu, lakini mti wenyewe ni mtihani. Ni mgunga mkubwa, ulipasuka kwa upepo mwezi wa nane, na sasa umeegemea upande wa wodi ya wajawazito. Ufa unaanzia kwenye panda, unashuka mpaka usawa wa kiuno cha mtu. Kibali kipo. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Tobiko, anataka ulazwe kabla ya mvua za vuli, kwa sababu udongo ukishalowa hakuna ajuaye mti utaamua nini.

Kinachonisumbua ni chenso, huu msumeno wangu wa injini. Tangu nimeinoa, haikati. Injini ina nguvu, cheni inazunguka, lakini badala ya maranda inatoa unga kama wa dona, na lazima niigandamize kwa kifua ndipo iingie. Jana nilijaribu gogo, likafuka moshi. Nikainoa tena, ikawa vilevile. Wewe unanoa za watu kila siku hapo dukani kwa Mzee Hasani. Niambie unafikiri nini, na unitumie tupa, hii yangu imekwisha.

Usihangaike kupiga simu. Mtandao hapa unashika kilimani tu, na ukishika unakata.

Baba yako,
Raphaeli

*

Karatu
11 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Saning'o amenikuta mezani nikiwa na chenso mbili za watu wa Mbulumbulu, nikaziweka kando. Nakujibu kwa haraka kwa sababu anarudi huko kesho na mahindi.

Unga badala ya maranda ni dalili ya mambo mawili. La kwanza, meno ni butu, ila wewe unasema umenoa mara mbili. La pili, meno ni makali lakini hayafikii mti. Tazama mbele ya kila jino kuna kile kidole kidogo cha chuma. Ndicho kinachopima jino lichimbe kiasi gani. Kila ukinoa, jino linashuka, kidole kinabaki juu, mwisho kidole ndicho kinachoteleza juu ya mti na jino halifanyi kazi. Nakutumia tupa bapa ya vidole, pamoja na kile kibati cha kupimia. Kiweke juu ya cheni, kinachochomoza kikate, kisichochomoza usikiguse. Baba, usizidishe. Kidole kikishuka mno jino linauma kupita kiasi, na msumeno unarukia uso.

Nimeweka pia tupa za duara, ni kipimo cha cheni yako. Cheni mpya ya urefu huo haipo. Mzee Hasani ameagiza Arusha, wanamjibu mzigo bado.

Nashangaa kidogo kukueleza haya. Ni wewe uliyenifundisha vidole, nikiwa sijui hata kuwasha mashine.

Halafu mwandiko wa barua si wako. Herufi zako zinalala, hizi zimesimama kama askari. Nani kakushikia kalamu, na kwa nini?

Mama anasalimu. Anasema ulale na soksi.

Wako,
Hyasinta

*

Sale
18 Oktoba 2024

Mwanangu,

Tupa zimefika. Anayeniandikia ni muuguzi wa zahanati, Bibi Nalangu, mtu mwema sana. Nilichomwa na mwiba wa mgunga kwenye kidole, kikavimba, kalamu haishikiki. Si jambo kubwa.

Nimefanya ulivyosema. Unga umekwisha, maranda yanatoka. Ila sasa limezuka jingine. Cheni inavuta kulia. Naanza kukata gogo nikiwa nimenyooka, mkato unapinda kama mwezi mchanga, na nikifika chini nimetoka nje ya alama kwa upana wa kiganja. Mara nyingine inadaka na kunitupa nyuma. Nimekaza cheni, nimelegeza, nimesafisha bapa, ule ulimi wa chuma unaobeba cheni, haikusaidia.

Nimepata msaidizi, anaitwa Tajewo. Ni mtu mzima mwenye watoto wake, ana nguvu na hasemi ovyo. Mwenyekiti anakuja kila asubuhi, anatazama mti, anatazama mawingu, halafu ananitazama mimi. Akina mama bado wanajifungulia mle mle chini ya mti, kwa sababu hakuna chumba kingine chenye maji.

Nimeamua. Kwa kuwa najua inavuta kulia, nitaisukuma kushoto nikiwa nakata. Jumamosi ijayo mti utalala.

Baba yako,
Raphaeli

*

Karatu
21 Oktoba 2024

Baba,

Usikate mti huo. Nimemwomba Saning'o aondoke leo hata kama mzigo haujajaa, na amekubali.

Unajua kuliko mimi kwa nini nasema hivi. Unapokata kutoka nyuma unabakiza bawaba ya mti katikati, ile inayoushika na kuuongoza unapoanguka. Msumeno ukipinda, bawaba inabaki nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Mti unazunguka juu ya kisiki. Na huo tayari una ufa, tayari umeegemea wodi. Kusukuma kushoto kwa mkono hakutoshi, mkono unachoka katikati ya kazi.

Cheni inayovuta upande ina sababu chache. Inawezekana bapa limelika ukingo mmoja. Simamisha sarafu kwenye ule mfereji inamopita cheni. Ikilalia upande, bapa limekwisha. Kama bapa ni zima, basi meno hayalingani, ya upande mmoja ni marefu na makali kuliko ya upande wa pili, na msumeno unafuata yale makali. Hilo si kosa la mashine, ni kosa la mkono unaonoa.

Ndiyo maana nakuuliza, umemwachia Tajewo tupa? Mikono yako haijawahi kunoa cheni ikavuta. Naona kama umemwonea huruma ukamwacha ajifunzie kwenye cheni ya kazi, kazi yenyewe ikiwa juu ya vichwa vya wazazi. Kama ni hivyo, mnyang'anye tupa leo. Mtu wa namna hiyo asiguse chombo chochote karibu na mti huo.

Nitumie cheni yenyewe. Ifunge kwenye kitambaa, mpe Saning'o mkononi.

Mama sijamwambia. Nimemwambia kidole kinapona.

Hyasinta

*

Sale
23 Oktoba 2024

Mwanangu,

Sarafu imesimama wima, bapa ni zima. Cheni hii hapa.

Ndiyo, Tajewo ndiye aliyenoa. Nimemkataza.

Raphaeli

*

Karatu
26 Oktoba 2024

Baba,

Cheni imefika jana asubuhi. Niliibana kwenye jiliwa karibu na mlango penye mwanga, nikaitazama jino kwa jino. Kisha nikafunga meza, nikamwambia Mzee Hasani naumwa kichwa.

Meno ya kulia ni mazuri. Yote ni ya urefu mmoja, pembe moja, na mwisho wa kila jino pana ule mzunguko mdogo wa tupa, ule unaoufanya kwa kifundo cha mkono kabla ya kuinua. Sijauona kwa mnoaji mwingine yeyote. Hata mimi nimeujaribu, ukanishinda. Tajewo hawezi kuwa ameupata kwa wiki mbili.

Meno ya kushoto ni balaa. Mengine ni mafupi, mengine yamelala. Matatu yaliyofuatana hayakuguswa kabisa, na hapo hapo kwenye kiungo cha cheni pana alama za tupa, kana kwamba mtu alikuwa ananoa kiungo akidhani ni jino. Vidole vya upande huo vingine vimekatwa hadi chini. Ndiyo maana ilikuwa inadaka.

Mtu yule yule, tupa ile ile, siku ile ile, upande mmoja ni fundi na upande wa pili ni kipofu.

Nilikaa nikafikiri. Ukinoa meno ya kushoto unainama ukiwa umegeuza uso, na pua inakinga jicho la kulia. Unabaki kutegemea la kushoto.

Baba, jicho lako la kushoto linaona?

Usinijibu habari ya kidole na mwiba. Nimekumbuka Pasaka ulipomwaga chai pembeni ya kikombe ukasema meza imeinama. Nimekumbuka ulivyoacha kuendesha pikipiki ukasema mafuta yamepanda. Sote tulicheka.

Nijibu ndiyo au hapana. Nimeanza kusawazisha cheni, ila siitumi mpaka nipate jibu.

Mwanao,
Hyasinta

*

Zahanati, Sale
30 Oktoba 2024

Dada Hyasinta,

Mimi ni Nalangu. Mwandiko unaujua, lakini leo maneno ni yangu, na baba yako hajui kwamba naandika.

Barua zako zote nimemsomea mimi. Hii ya mwisho nilimsomea nje, chini ya ukuta, akiwa ameshika kofia. Nilipofika pale penye swali aliivaa kofia, akasema, "Andika, naona vizuri."

Nikamwambia, "Mzee, hiyo siandiki."

"Basi andika hapana, halafu yeye aelewe atakavyo."

"Hiyo pia siandiki."

Akaondoka akipapasa ukuta. Sikuwa nimemwona akipapasa mchana mbele ya watu kabla ya siku ile.

Hakuna mwiba. Alinijia wiki ya kwanza akanitaka nimpe dawa ya macho. Nilimpima kwa vidole tu, kama tunavyoweza hapa. Jicho la kushoto haoni kitu, anatambua tu kwamba ni mchana. La kulia anaona mbele kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mimi si daktari wa macho, lakini nahofia ni presha ya macho, na hiyo ikichukua hairudishi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa akiwahi. Aliniapisha nisiseme. Siri ya mgonjwa ni kitu kizito kwangu, nimelala nayo vibaya. Lakini walio chini ya mti ule si yeye peke yake.

Jambo jingine ni Tajewo. Maneno yako juu yake yalisomwa akiwa amekaa pale pale. Baba yako aliponiambia niandike "Tajewo ndiye aliyenoa", nilimtazama Tajewo, naye akatazama chini. Sasa kijiji kizima kinasema yeye ndiye aliyeharibu mashine, na mwenyekiti amemwambia asikanyage hapa. Bado anakuja, anakaa ng'ambo ya uzio, ili mzee asiguse mti peke yake.

Jana mvua ya kwanza imenyesha. Mchana mti ulilia mara moja, kama mlango mkubwa unaofunguliwa. Tawi moja sasa limegusa bati. Nimewahamishia wazazi kwenye darasa la shule, wote isipokuwa mmoja ambaye siku zake zimefika na presha yake iko juu. Huyo namhitaji karibu na maji na vifaa.

Baba yako anatafuta chenso ya kuazima. Anasema akimaliza mti huu atakwenda kutazamwa. Nadhani anaogopa kwamba akitazamwa kwanza, hatakata tena mti maishani.

Njoo. Njoo na cheni.

Nalangu

*

Sale
5 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kwenye simu nilikwambia tu kwamba tuko salama, mtandao ukakata. Saning'o anatangulia Karatu, sisi tunabaki kwa sababu nitakazozieleza humu. Nakuandikia yote. Nimechoka na barua zenye nusu ya habari, na nyingine nilikuwa nakupa mimi.

Baba haoni jicho la kushoto, na la kulia linafifia. Ndiyo sababu cheni ilikuwa inavuta. Kidole chake hakina neno.

Nilipotua kwenye lori juzi alinitambua kwa sauti. Sikumsemesha habari ya macho. Nilimkabidhi cheni, nikamwambia, "Ipapase." Akapitisha kidole gumba jino kwa jino, kulia na kushoto. Nilikuwa nimeyapunguza meno mazuri yote mpaka yakalingana na lile fupi kuliko yote, nikashusha vidole vya cheni kwa kibati. Alipomaliza alisema, "Yanalingana." Kisha akasema, "Umekuja kukata wewe." Nikamjibu ndiyo. Akakaa chini palepale kwenye udongo.

Mama, mimi mti mkubwa namna ile sijawahi kuuangusha. Nimekata magogo, nimekata migrivea ya kwetu pembeni ya shamba.

Tulifunga mnyororo kuzunguka shina penye ufa, usije ukachanika. Kamba ya chuma tuliifunga juu, tukaivuta kwa lori la Saning'o upande wa uwanja ili mti usizidi kulalia wodi. Tulipokuwa tayari, Nalangu akatoka mlangoni akasema, "Msikate. Uchungu umekolea, hanyanyuki."

Mawingu yalikuwa yameshuka. Upepo ukianza, bati linakwaruzwa, na kamba inakaza mpaka lori linatikisika. Saning'o alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mwenyekiti Tobiko alisema tukate tu, maana mti ukianguka wenyewe itakuwa vibaya zaidi. Baba akamwambia, "Mwenyekiti, tukikosea hapa, atakayelipa ni huyo mama." Tukasubiri. Sijui tulisubiri muda gani. Nilikuwa nasikia yule mama akiugulia ndani na mti ukiugulia nje, na sikuweza kufanya lolote kwa yeyote kati yao.

Wakati huo ndipo Baba aliuliza, "Tajewo yuko wapi?" Wakamwambia yuko nje ya uzio. Akasimama, akaelekea huko, akajikwaa kwenye ndoo, nikataka kumshika akakataa. Akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Huyu hajawahi kugusa tupa yangu. Niliyenoa ni mimi. Sioni, na nilimsingizia ili binti yangu asijue. Mwenyekiti, mfungulie."

Tajewo aliingia. Alimpa Baba mkono, akasema, "Mzee, kabari ziko wapi?" Nami nilimwomba radhi kwa yale niliyoandika. Alisema alielewa, kwa kuwa kama angekuwa na binti naye angetaka binti mkali kama mimi. Sijajua kama ilikuwa sifa.

Mtoto alizaliwa wa kike. Walimtoa mama kwa godoro, watu wanne kwenye pembe, Nalangu akikimbia kando amekumbatia mtoto kwenye kanga. Walipovuka uwanja Baba akaniambia, "Sasa."

Nilikata mdomo, ule mkato wa pembe unaouonyesha mti pa kuangukia, upande wa uwanja. Cheni iliingia kama kwenye jibini, mkato umenyooka, maranda marefu. Kisha nikazunguka upande wa wodi, nikaanza mkato wa nyuma, mgongo ukiwa karibu ugusane na ukuta. Tajewo aligonga kabari nyuma ya bapa kila niliposogea. Baba alisimama hatua chache kando, ameshika ncha iliyolegea ya kamba ya chuma, anasikiliza. Ghafla akasema, "Acha." Nikaacha. "Umefika kwenye ufa. Rudi nyuma, bakiza upande huo." Nikatazama, kweli, rangi ya maranda ilikuwa imebadilika, ikawa nyeusi yenye unyevu. Nikarudi, nikamalizia upande wa pili. Tajewo akagonga, Saning'o akavuta.

Mti ulisimama wima. Kwa pumzi moja ulikuwa wima kabisa, kama usiojua uende wapi. Kisha ukaenda.

Nilikimbia, nikamvuta Baba kwa shati. Ardhi ilipiga miguu yetu. Vumbi lilipotulia, watu walishangilia, Tobiko akavua kofia. Wodi ilibaki nzima, isipokuwa bati moja lililokwaruzwa.

Leo asubuhi daktari wa macho aliyekuwa amefika Loliondo amemtazama Baba. Tulipelekwa huko na gari la zahanati. La kushoto halitarudi. La kulia, akiweka dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha na kwenda kliniki bila kukosa, lina nafasi ya kubaki lilivyo. Daktari alisema nafasi, hakusema hakika, nami nakuandikia alivyosema. Anataka amwone tena wiki ijayo kabla hajamruhusu safari ndefu. Ndiyo maana hatujaja.

Tulipokuwa tunarudi kutoka huko Baba alikishika kichupa cha dawa mkononi mpaka tulipokaribia Sale. Kisha akaniuliza, "Hyasinta, ule mti ulilala wapi? Mimi nilisikia tu."

Mama, nilitaka kumwambia ulilala katikati ya uwanja, pale pale nilipoweka alama. Watu wote wamemwambia hivyo kumfurahisha. Nilimwambia, "Ulizunguka kidogo mwishoni. Bawaba niliiacha nene upande mmoja. Umeponda jiko la kupikia uji wa wagonjwa, lile la pembeni ya uwanja. Halikuwa na mtu."

Aligeuzia uso dirisha la gari. Nikadhani nimemvunja moyo.

"Upande gani mnene?"

"Wa kulia."

"Uliharakisha kwenye kona ya ufa."

"Niliogopa, Baba."

Akaweka mkono juu ya goti langu, akauacha pale. "Na mimi niliogopa," akasema. "Kesho tutaanza kulijenga hilo jiko. Wewe utapima, mimi nitashika ubao."

Mwanao,
Hyasinta